Re: Niko Lodwar, lazima nihamie Nairobi ndo niandike filamu?

Kaka, si lazima. Mi niko huku Nairobi na nakwambia kodi ya nyumba itakumaliza kabla hujafika onyesho la pili la hiyo filamu. Docubox, ule mfuko wa filamu, ofisi yao iko huku lakini wanafadhili dokumentari za Afrika Mashariki, sasa ile stori ya huko kwenu, ya Ziwa Turkana kupanda na kufukuza watu ufuoni, nani ataisimulia kukushinda wewe unayeongea lugha ya hao wazee? Sisi wa huku tunakuja na drone siku mbili tunaondoka, hovyo tu. Kama una muswada wa riwaya au mashairi kwa Kiswahili, fuatilia ile tuzo iliyoanza 2014 kama Mabati-Cornell. Na kabla ushuti ulizia leseni KFCB, ile bodi ya filamu ya Kenya, usije ukasumbuliwa bure.