Maswali na Majibu: Uzuri wa Skrini Unapimwaje?

SWALI: Kazi yangu ni kukagua programu kabla hazijakabidhiwa kwa watumiaji. Kasoro za utendaji nazithibitisha bila ubishi, lakini nikiandika kwamba skrini fulani haipendezi, wasanifu hunijibu kuwa hilo ni chaguo la moyo wangu tu. Je, ipo njia ya kuupima uzuri wa kiolesura, yaani sura ya programu anayoiona mtumiaji, ambayo wataiheshimu?

JIBU: Ipo, ila haimo katika jicho la mkaguzi mmoja, na hapo wasanifu wako wana haki. Watu wengi walioonyeshwa skrini ileile bila kushauriana, alama zao zikielekea upande mmoja, hao ndio ushahidi.

Tatizo kubwa ni kwamba watu huchanganya uzuri na urahisi wa kutumia. Mwaka 1995, Masaaki Kurosu na Kaori Kashimura wa Japani waliwaonyesha watu 252 mipangilio 26 ya skrini za mashine za kutolea fedha, wakaona kuwa urahisi uliodhaniwa na watu hao uliambatana na uzuri kuliko ulivyoambatana na urahisi halisi wa mipangilio yenyewe. Noam Tractinsky aliurudia utafiti huo nchini Israeli akitarajia uhusiano ule utafifia. Ukajitokeza kwa nguvu zaidi.

Kwa hiyo pima mara mbili. Kwanza, onyesha picha ya skrini kwa muda mfupi, kabla mtu hajabonyeza chochote, kisha aipe alama. Usihofu ufupi huo, kwa kuwa Gitte Lindgaard na wenzake walionyesha mwaka 2006 kwamba milisekunde 50 zinatosha mtu kuamua kama ukurasa wa wavuti unamvutia. Pili, rudia swali lilelile baada ya watu kufanya kazi halisi katika programu. Alama zikiporomoka hapo, chunguza utendaji kabla ya kulaumu rangi, maana aliyehangaika kutafuta kitufe huiona skrini nzima kuwa mbaya.

Katika kuuliza, alama moja ya jumla haimsaidii msanifu kurekebisha kitu. Mimi napendelea hojaji ya Morten Moshagen na Meinald Thielsch ya mwaka 2010, iitwayo VisAWI, inayoutenga uzuri katika usahili, uanuwai, rangi na ustadi wa utengenezaji, kwa sababu matokeo yake yanaonyesha kasoro iko wapi.

Zipo pia kanuni za hesabu zinazopima mizania, ulinganifu na mpangilio wa vitu katika skrini. Zitumie kuchuja rasimu tu, kwa maana zinaweza kupotosha. Mwanahisabati George Birkhoff, aliyepima uzuri mwaka 1933 kwa kugawanya utaratibu wa umbo kwa uchangamano wake, alifikia kuuweka mraba juu ya poligoni (maumbo ya pande nyingi) zote alizozipima. Kwa mantiki hiyo, skrini karibu tupu ingeishinda ile inayofanya kazi.

SWALI: Msanifu wetu hupenda maandishi ya kijivu hafifu juu ya weupe, na watu tuliowauliza wanasema yanapendeza. Nimkubalie?

JIBU: Hapana, hili halipigiwi kura. WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kuhakikisha wavuti inatumika na watu wote wakiwemo wenye ulemavu, unataka maandishi ya kawaida yawe na utofauti wa mwanga usiopungua 4.5 kwa 1 dhidi ya mandharinyuma, na makubwa 3 kwa 1. Akoleze kijivu hicho mpaka kifikie kiwango, kisha uwaulize watu upya.