Masta ya Utawala wa Umma Ukiwa Kazini: Niliyojifunza kwa Kuchelewa

Kazi yangu ya kwanza ya masomo ilikuwa waraka wa sera wa kurasa mbili kwa waziri wa kufikirika. Niliuandika usiku mmoja, tena kwa raha, maana nyaraka za namna hiyo nilikuwa nimeziandika kazini kwa miaka 14. Wiki iliyofuata ukarudi na alama 58. Mhadhiri hakujisumbua na maelezo marefu. Pembeni aliandika maneno mawili tu, "Nani anasema?", akayarudia mahali sita. Niliposema "wananchi wamekuwa wakilalamika", nani anasema? Niliposema "uzoefu unaonyesha", uzoefu wa nani, wa lini, katika vituo vingapi?

Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu nikaufungua tena, nikaona kwamba sentensi zote sita zilikuwa zimeegemea cheo changu. Kazini hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo, kwa sababu wanaosoma nyaraka zangu ama wako chini yangu ama wana haraka.

Wewe unayejiandaa kuanza shahada hii kwa njia ya mtandao, ukiwa katikati ya maisha ya kazi, utasikia kila mtu akikuonya kuhusu muda. Muda ni tatizo kweli, nitaufikia. Ila kwa niliyoyaona mimi na wenzangu wa darasa, kilichotutesa zaidi ni uzoefu wetu wenyewe. Ndio uliotupa nafasi ya kudahiliwa, na ndio uliotufanya tujibu maswali kabla hatujayasoma.

Kunakili, kwa mfano. Ofisini kunakili ndio utaratibu wenyewe. Ripoti ya mwaka huu inaanza kwa kufungua ya mwaka jana, unabadili tarehe na takwimu, na aya ya utangulizi inabaki ileile mpaka aliyeiandika anastaafu. Muhula wa kwanza nilichukua aya mbili kutoka kwenye ripoti ya ofisi niliyoiandika kwa mkono wangu, nikazipachika kwenye insha. Programu ya chuo inayolinganisha maandishi ikazikamata, kwa kuwa ripoti ile ilikuwa mtandaoni. Nikaitwa kwenye kikao cha video. "Lakini hii nimeandika mimi," nikasema, nikidhani nimemaliza kesi. Mama aliyeongoza kikao akanijibu kwa upole kwamba ripoti ni mali ya taasisi, jina langu halimo, na hata lingekuwamo bado ningepaswa kuonyesha nilikoitoa. Nikapewa onyo na siku saba za kuandika upya. Tangu wiki ya kwanza weka programu ya kutunza marejeo kwenye kompyuta yako. Mimi natumia Zotero, ni ya bure. Na kila unachokichukua, hata kama ni chako mwenyewe, kiwekee alama ya kilikotoka palepale, si usiku wa kuwasilisha.

Kuhusu kuchagua chuo sitakaa sana, maana hapo wengi hujitahidi. Hakikisha kwanza unachokitaka ni utawala wa umma. Shahada ya sera za umma huegemea zaidi uchambuzi: uchumi, takwimu, kupima athari. Ya utawala wa umma inaongeza uendeshaji: bajeti, watumishi, manunuzi, uongozi, sheria za utawala. Ni fani yenye umri wake. Shule ya Maxwell ya Chuo Kikuu cha Syracuse, Marekani, ilianza nayo mwaka 1924. Toleo "la watendaji" linamaanisha kwamba chuo kinachukulia umeshafanya kazi, hivyo mara nyingi hakidai mafunzo kwa vitendo, na vingi havidai GRE, mtihani wa kupimia wanaoomba masomo ya juu unaotumika zaidi Marekani. Wakati mwingine neno hilo lina kazi ya kupandisha ada tu. Soma orodha ya kozi utajua ni lipi kati ya hayo mawili.

Halafu kuna ithibati, na hapa tofautisha vitu viwili. Chuo kizima kuwa na ithibati ni jambo moja, programu yenyewe kuwa nayo ni jingine. Kwa fani hii chombo kinachojulikana zaidi ni NASPAA, chenye makao Washington, ambacho hukagua programu za masta zikiwamo za nje ya Marekani, na hudai zimjenge mwanafunzi katika maeneo matano ya umahiri, kuanzia uongozi wa taasisi za umma hadi kuwasiliana na watu wa kila namna. Programu nzuri zisizokuwa na muhuri huo zipo. Lakini kabla hujalipa hata ada ya maombi, iulize mamlaka ya elimu ya juu ya nchi yako kama inatambua shahada hiyo ikisomwa kwa mtandao, kisha iulize idara ya utumishi ya mwajiri wako swali hilohilo. Uliza kwa maandishi na utunze jibu. Mwenzangu mmoja aliambiwa "haina shida" kwenye ukumbi wa mkutano, na aliyemwambia akahamishwa kabla yeye hajahitimu.

Sasa hesabu. Wengi wetu tuliogopa kozi ya takwimu na ya uchumi kuliko kitu kingine, na wachache waliacha masomo hapo. Siri ni kwamba hesabu zenyewe si ngumu. Aljebra ya sekondari inatosha, ukiifufua mwezi mmoja kabla. Kinachouma ni kuona hesabu zinavyobomoa mambo uliyokuwa unayaamini.

Nitatoa mfano wa kiwango cha punguzo, yaani kiasi tunachopunguza kila mwaka kwenye faida za baadaye ili tuzilinganishe na gharama za leo. Chukua faida ya milioni moja itakayopatikana baada ya miaka 10. Ukitumia asilimia 3 kwa mwaka, thamani yake leo ni kama 744,000. Ukitumia asilimia 7, inashuka hadi kama 508,000. Mradi uleule, takwimu zilezile, ila kwa kiwango kimoja unapita na kwa kingine unakataliwa, kwa sababu ya namba moja iliyojificha kwenye kiambatisho. Nilipofanya zoezi hilo nilisimama nikazunguka chumba. Kwa miaka mingi nilikuwa nimekaa kwenye kamati za kupitisha miradi, na sikumbuki hata siku moja mtu kuuliza wametumia asilimia ngapi. Tulikuwa tunabishania jina la mradi.

Au mafunzo kazini. Nilikuwa shabiki mkubwa wa semina fulani tuliyokuwa tukiwapeleka watumishi, maana waliohudhuria walikuwa wanafanya kazi vizuri kuliko wasiohudhuria. Katika kozi ya tathmini tukaulizwa swali jepesi: waliokwenda walichaguliwaje? Jibu nililijua kabla mhadhiri hajamaliza. Wakuu wa vitengo walikuwa wanapeleka watu wao bora, kama zawadi. Semina huenda haikuongeza chochote. Inawezekana iliongeza. Kwa namna tulivyowachagua, tusingeweza kujua.

Nadharia usizidharau. Ofisini neno "nadharia" ni tusi, na mimi nilikuja na tusi hilo mdomoni. Lililonibadilisha ni kisa cha Herbert Simon, msomi wa Marekani aliyechunguza jinsi taasisi zinavyofanya maamuzi. Mwaka 1935, akiwa bado mwanafunzi wa shahada ya kwanza, alikwenda Milwaukee, mji wa Marekani, kuangalia jinsi unavyoendesha viwanja vya michezo. Akakuta vyombo viwili vinavyoviendesha kwa pamoja, bodi ya shule na idara ya kazi za umma, haviafikiani kuhusu kugawa fedha kati ya kutunza viwanja na kusimamia michezo yenyewe. Vitabu vya uchumi vilisema wangelinganisha tu faida ya kila upande na kumaliza. Wao hawakufanya hivyo, na Simon akajiuliza kwa nini. Katika maswali ya namna hiyo akajenga hoja yake kwamba mwenye kuamua hana taarifa zote wala akili ya kuzichakata zote, hivyo hutafuta jibu linalotosha badala ya jibu bora kuliko yote. Mwaka 1978 akapewa Tuzo ya Nobel ya uchumi. Ugomvi wa bajeti ya viwanja! Nimehudhuria mamia ya ugomvi kama huo, na kitu pekee nilichotoka nacho ni muhtasari wa kikao.

Ndiyo maana nakushauri uwe na daftari la kazini wakati wote wa masomo. La karatasi, la simu, vyovyote. Kila siku andika jambo moja lililokushangaza au lililokwama, bila majina. Insha zangu nzuri zote zilitoka humo. Lakini kuna mpaka ambao usiuvuke hata kidogo: nyaraka za ofisi zisiingie kwenye kazi za chuo bila ruhusa ya maandishi. Barua ya ndani, jedwali la mishahara, rasimu ya sheria ambayo haijatangazwa, zote ziache. Ukishapakia faili kwenye mfumo wa chuo huna tena uwezo wa kuliondoa, na wanadarasa wenzako wanaweza kuwa watumishi wa serikali nyingine. Tumia zilizokwisha kuchapishwa, au badili mazingira ya kisa mpaka asiwepo wa kuyatambua.

Haya, muda. Kozi moja ilikuwa inanila saa 10 hadi 12 kwa wiki, na wiki za bajeti zaidi. Nilijaribu kozi mbili kwa muhula mmoja mara moja tu, ikanitosha. Usipange kusoma usiku baada ya kila kitu kuisha, kwa sababu hakiishi. Mimi niliamka mapema siku nne za wiki na kuacha Jumapili nzima bila kitabu, na nyumbani walilijua hilo kama wanavyojua siku ya sherehe. Angalia pia ratiba ya vipindi vya moja kwa moja kabla ya kujiunga. "Mtandaoni" kwa chuo kimoja maana yake ni video unazoangalia upendapo, kwa kingine ni kuwa mbele ya kamera saa tisa usiku kila Jumatano, na kwa kingine kuna wiki nzima ya kukusanyika chuoni ambayo utahitaji ruhusa, viza na nauli.

Kazi za vikundi ni mtihani wa pekee. Weka kila miadi kwa saa 24 na kwa UTC, yaani saa ya kimataifa. Sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili tuna mtego wetu: niliwahi kuwaandikia wenzangu "saa mbili usiku" kwa Kiingereza changu cha haraka, na watu wanne wakanisubiri saa nane usiku. Tena kikundi cha mameneja watano kina mameneja watano na hakina mwandishi. Siku ya kwanza gaweni nani anaandika nini, na mmoja awe mhariri mwenye neno la mwisho.

Kuhusu bosi wako, mwambie mapema. Usimwombe fedha kwanza, mwombe swali. Yaani muulize ni tatizo gani la idara angependa lichunguzwe, maana mwishoni kuna mradi mkubwa, na mradi unaojibu swali la bosi unafunguliwa milango. Mimi nilichagua kuchunguza kwa nini maombi ya huduma moja yanachukua wiki sita. Nilishasoma kazi ya Michael Lipsky, msomi wa siasa wa Marekani, aliyeonyesha kwamba sera halisi hutengenezwa na mtumishi anayekutana na mwananchi, kwa namna anavyogawa muda wake mchache. Kwa hiyo nikaenda kukaa dirishani, nyuma ya karani, siku tatu.

Siku ya kwanza alikuwa anafanya kila kitu kwa mujibu wa mwongozo kwa sababu nilikuwepo. Siku ya pili alinizoea. Nikaona anapokea fomu, anaigeuza mpaka ukurasa wa tatu, anagonga muhuri, anaiweka kwenye rundo la pembeni bila kuisoma. Nikamuuliza rundo lile ni la nini.

"Hizi zinasubiri uhakiki wa pili, mkuu. Zinakwenda ghorofa ya juu Ijumaa."

"Na huko juu wanahakiki nini?"

"Kama nimegonga muhuri."

Nikamwomba anionyeshe waraka ulioanzisha uhakiki huo. Akautoa kwenye droo, umekunjwa mara nne, kona zimechakaa. Ulikuwa wa miaka saba nyuma, na saini ya chini ilikuwa yangu. Sikukumbuka hata kuuandika. Yeye alikuwa anajua siku zote, na alikuwa ananitazama kwa adabu aone nitasemaje.

Mada ya mradi ichague kufikia muhula wa pili, na ruhusa ya kukusanya taarifa iombe wakati huohuo, kwa mwajiri na kwa kamati ya maadili ya chuo. Ya chuo kwangu ilichukua wiki tano. Ya ofisini ilichukua wiki tisa, kwa sababu ilihitaji uhakiki wa pili.