Mwandishi wa matangazo anataka laki mbili: yaliyonikuta mimi

Mkuu, umeuliza kama ni halali mwandishi kukudai laki mbili kwa maneno ya lebo na tangazo, wakati kuna kijana amekubali elfu ishirini. Nakujibu kwa sababu nimewahi kuwalipa waandishi wa aina zote mbili.

Nauza asali. Naichukua Sikonge, Tabora, naifunga Dar, na wateja wangu wengi ni maduka ya Iringa, Njombe na Mbeya. Nilipoanza nilimpa kijana elfu ishirini aniandikie lebo. Kesho yake asubuhi kazi ikawa tayari: "Asali safi yenye ubora wa hali ya juu, inatibu vidonda vya tumbo, kisukari na presha." Nikafurahi, nikachapisha lebo elfu moja. Kijana simlaumu. Kwa hela ile angeweza kunipa saa moja tu, na ndiyo aliyonipa.

Juni ilipoingia simu zikaanza. Njombe baridi ilikuwa kali, asali ikaganda vipunjepunje vyeupe chini ya chupa, na wateja wakaamini nimechakachua kwa sukari. Mama mmoja mwenye duka alinirudishia katoni nne kwa basi, nauli juu yangu. Wiki hiyohiyo mgonjwa wa kisukari akanipigia kuuliza anywe vijiko vingapi kwa siku. Nilitetemeka. Lebo zilizobaki nilizichoma moto usiku uleule.

Ndipo nikamtafuta dada ambaye kazi yake ni kuandika matangazo tu. Akasema laki mbili na nusu, nusu yake kabla hajaanza. Nikamwomba ashuke hadi laki moja. Akanijibu kwa upole: "Naweza, kaka, ila itabidi niondoe siku ya kuja stoo." Nikalipa yote, na nashukuru, maana siku ile ndiyo iliyoniokoa. Alikaa mpaka alasiri bila kuandika neno. Alionja, akauliza nani anarina, kwa nini asali ya nyuki wadogo ni nyepesi na ina uchachu, kisha akaomba simu yangu akasoma malalamiko ya wateja moja baada ya jingine.

Siku ya tano akaleta lebo isiyotaja ugonjwa wowote, pamoja na meseji ya kuwatumia wenye maduka:

"Asali ikiganda haijachakachuliwa, ni baridi. Weka chupa kwenye maji ya uvuguvugu, itayeyuka taratibu. Usiichemshe. Ikigoma, tupigie."

Herufi alizihesabu pamoja na nafasi zisivuke 160, kwa kuwa zikivuka unakatwa hela ya meseji mbili, nami nilikuwa natuma kwa maduka zaidi ya mia. Mimi nisingeliwaza hilo kabisa.

Baridi ya mwaka uliofuata, iliyorudishwa ni katoni moja tu, na hiyo chupa zake zilipasukia njiani. Yule mama wa Njombe aliyanakili maneno yale kwenye boksi, akabandika juu ya rafu.

Kwa hiyo mkuu, ukikubaliana na wako, mpe kianzio, andikianeni atarekebisha mara ngapi, na salio mtumie siku anapokabidhi, usimzungushe. Ila kabla ya yote mpigie huyo kijana wa elfu ishirini, mweleze biashara yako, halafu nyamaza usikie atakuuliza nini.