Jibu: Barafu ya bahari hutuliza mawimbi, na bado huvunjwa nayo

Ndugu, umeuliza inakuwaje barafu ya bahari iyatulize mawimbi na papo hapo ivunjwe nayo. Ukifika mwalo wa Kirumba, kwenye Ziwa Victoria jijini Mwanza, siku ambayo upepo umesukuma magugu maji hadi ufukweni, utaona viwimbi vidogo vikifia pembezoni mwa zulia lile la kijani, ilhali wimbi refu, yaani lile ambalo vilele vyake viko mbalimbali, hupita chini yake na kuliinua taratibu pamoja na mitumbwi iliyonaswa humo. Barafu huchuja mawimbi vivyo hivyo: mafupi huishia karibu na ukingo, lakini marefu yaliyozaliwa na dhoruba za mbali katika Bahari ya Kusini, inayoizunguka Antaktika, huweza kupenya makumi ya kilomita, pengine zaidi ya mia moja. Ila gugu hupinda. Barafu ikikunjwa kupita kiasi hukatika, na vipande vidogo huyeyuka upesi wakati wa kiangazi kwa kuwa maji huvila kutoka pande zote. Wakati wa baridi kali, maji ya chumvi yakifikia takriban nyuzi 1.8 chini ya sifuri, mawimbi hukusanya chembe za barafu kuwa sahani za mviringo ambazo wataalamu huzifananisha na chapati, ingawa kwa kingo zake zilizoinuka kwa kugongana, mimi naona ni sinia hasa.