Re: Antena inasoma omu 100 juu, mwisho wa chini wa kebo 25, kwa nini?

Mkuu mita yako iko sawa kabisa, ni kebo ndo inabadilisha impedansi (ukinzani wa jumla kwa mawimbi ya redio, unaopimwa kwa omu). Ichore kwenye chati ya Smith (mchoro wa duara wa kuonyesha impedansi) utaona mwenyewe: kebo yako ni ya omu 50 so gawa kwanza, 100 kwa 50 ni 2, weka nukta hapo kwenye mstari wa katikati upande wa kulia, afu ukishuka kuelekea transmita unazunguka kama mshale wa saa bila kubadili umbali toka kitovu cha chati, na mzunguko mzima ni kebo yenye urefu wa nusu wimbi la redio kwa hiyo robo wimbi inakupeleka upande wa pili kwenye 0.5, yaani zile omu 25 ulizosoma. SWR (kipimo cha wimbi linalorudi nyuma, 1 ndo bora) ni 2 kote. Smith aliitoa 1939 na mpaka leo mi sijaona kitu kinachoonyesha hili vizuri zaidi.

Ukikata kebo kabla ya robo wimbi utaangukia nusu ya chini ya chati, ina maana kuna kapasita ndani yake, nusu ya juu ndo ya koili. Velositi fakta (kasi ya wimbi ndani ya kebo ukilinganisha na hewani) usiisahau, kebo zenye plastiki ngumu ndani nyingi ni kama 0.66 so robo wimbi inakuwa fupi kuliko ya hewani.

Afu kama kebo inapoteza nguvu sana, nukta inajikunja kuelekea katikati, chini kwenye transmita unaona SWR nzuri kumbe juu kwenye antena ni mbaya. Pima juu kwanza.