Maswali Yenu: Saa Kumi Jioni Uwanja Ni wa Nani?

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinazungukia jambo moja: viwanja na vifaa vya michezo shuleni, na nani hasa anavitumia. Tumechagua sita.

Shule yetu ni ya mchanganyiko. Wavulana wana kiwanja cha mpira wa miguu, wasichana wana cha netiboli. Nikilalamika, mkuu wa shule ananiambia: "Kila upande una kiwanja chake, sasa tatizo liko wapi?" Nimjibu nini? (Mwalimu wa michezo)

Mwalimu, usimjibu kwa mdomo. Chukua futi kamba na daftari.

Anza na futi kamba. Kiwanja kamili cha netiboli ni mita 30.5 kwa 15.25, na nje ya mistari panatakiwa pawe na nafasi tupu ya mita 3.05 kila upande. Kwa hiyo eneo lote linalohitajika ni kama mita 36.6 kwa 21.4. Hapo ndipo viwanja vingi vinapoumbuka, kwa sababu mistari ilichorwa mahali pa gwaride, ukuta wa darasa uko hatua mbili nyuma ya goli, na pembeni pana mfereji. Pima pia kutoka kona hadi kona ya upande wa pili, mara mbili. Vipimo vyote viwili visome mita 34.1. Kimoja kikizidi kingine, ujue kiwanja kimelala upande, na mistari miwili inayokigawa sehemu tatu imelala nacho.

Kisha inama uangalie sakafu. Sheria ya netiboli haimruhusu aliyedaka mpira kukimbia nao. Anatakiwa asimame palepale, mara nyingi akiwa ametua kwa mguu mmoja. Kwenye saruji iliyotapakaa mchanga raba inateleza. Ikifika kwenye ufa inanasa ghafla, mwili unaendelea kwenda, na goti ndilo linalojipinda. Katika michezo ya kuruka na kugeuka ghafla, wasichana huchanika kano za ndani ya goti mara nyingi zaidi kuliko wavulana, kwa hiyo kuwapa wao sakafu mbovu ni kukosea mara mbili. Kufagia kabla ya kila mazoezi na kuziba nyufa hakuhitaji kikao cha bodi.

Sasa daftari. Kwa wiki mbili andika kila siku: timu, saa iliyopangwa, saa waliyoanza kweli, saa waliyomaliza, idadi ya wachezaji, na kama waliondolewa, nani aliwaondoa na kwa sababu gani. Safu hiyo ya mwisho ndiyo yenye mambo. Tuseme ratiba inawapa wavulana saa 8 kwa wiki na wasichana saa 5. Wavulana wakacheza zote 8. Wasichana siku moja wakakuta viti vya mkutano wa wazazi vimepangwa kiwanjani, siku nyingine magari yameegeshwa, wakaishia na saa 3. Kwenye karatasi pengo lilikuwa saa 3, uwanjani limekuwa saa 5. Hakuna anayeegesha gari katikati ya uwanja wa mpira wa miguu.

Ongeza ukurasa mmoja wa vitu vinavyozunguka kiwanja: umbali hadi bombani, kivuli, taa kama zipo, stoo na nani ana ufunguo wake, mwalimu anayesimamia ni mmoja au ni yeyote aliyepatikana. Mpelekee mkuu karatasi moja yenye safu mbili, wavulana na wasichana, bila maelezo marefu. Atauliza mwenyewe.

Tuna uwanja mmoja tu wa mpira wa miguu, na mwaka huu wasichana nao wameanzisha timu. Wamepewa Ijumaa peke yake, na Ijumaa ndiyo siku ya mechi za wavulana. Tugawane vipi? (Mlezi wa michezo)

Saa ya kwanza baada ya masomo ndiyo yenye thamani. Jua bado lipo, nyasi hazijachimbwa, na mtoto anafika nyumbani kabla giza halijamkuta njiani. Timu inayoambiwa "subirini wenzenu wamalize" imepewa mabaki, hata kama ratiba inaonyesha dakika sawa.

Kama mna saa mbili kila siku, zigawe vipindi viwili. Kwa siku tano hivyo ni vipindi kumi, vitano kwa kila timu. Wiki hii wasichana wanatangulia, wiki ijayo wavulana. Kupokezana kwa wiki ni rahisi kukumbuka kuliko kupokezana kwa siku, na kunagawa tope pia, maana wakati wa mvua timu ya pili ndiyo inayocheza kwenye matope ya timu ya kwanza.

Njia nyingine ni kukata uwanja kwenye mstari wa kati. Uwanja wa mita 100 kwa 64 unatoa viwanja viwili vya mita 50 kwa 64, vinavyotosha mazoezi ya saba kwa saba, magoli madogo yakiwekwa kwenye mistari ya pembeni. Ila magoli hayo ya kuhamishika yafungwe ardhini kwa vigingi, au yawekewe mifuko ya mchanga juu ya bomba la nyuma. Goli lisilofungwa huanguka kwa mbele mtoto akining'inia kwenye mwamba, na watoto wamekwisha kufa hivyo. Baada ya mazoezi yalazwe kifudifudi na yafungwe kwa mnyororo.

La mechi liandikieni kanuni: kipindi kilichochukuliwa kinalipwa ndani ya siku 7, kutoka kwenye vipindi vya timu iliyokichukua. Mkuu atie sahihi, ibandikwe ubaoni. Bila neno "kinalipwa", kila mechi ni mkopo usiorudi.

Tulipokuwa wadogo tulicheza wengi, sasa tumebaki wachache. Tunabadilishia nguo chooni, mlango haufungi, na bukta tulizopewa ni nyeupe. Tukiomba kitu kimoja kwanza, tuombe nini? (Mwanafunzi wa kike)

Mdogo wetu, ombeni komeo. Komeo la ndani, linalofungwa kwa mkono mmoja na lililoshikwa kwa skrubu zinazopita ubao mzima. Skrubu fupi hung'oka mlango ukisukumwa mara mbili tatu, mkarudi palepale. Ni kazi ya nusu saa kwa fundi wa shule, na hakuna mtu mwenye akili atakayeikataa.

Pili ombeni maji ndani ya chumba chenyewe pamoja na ndoo ya taka yenye kifuniko, inayomwagwa kila siku. Maji yakiwa nje mbele ya watu, msichana aliye kwenye hedhi hayatumii. Ataomba ruhusa "anaumwa tumbo" na siku hiyo hachezi. Mwalimu anahesabu utoro, kumbe ni bomba liko mahali pabaya.

Chumba cha kubadilishia si lazima kijengwe. Darasa lililo karibu na uwanja linatosha likipangiwa dakika 15 kabla na 15 baada ya mazoezi: pazia zito, benchi, na misumari ya kutundikia nguo ili zisilale sakafuni. Mlango usitazame uwanja. Ukiutazama, wekeni kizuizi cha mbao au makuti mbele yake, kirefu kuliko mtu aliyesimama. Ufunguo ukae kwa nahodha wenu na nakala kwa mwalimu wa kike. Ukikaa kwenye kifungu cha funguo za mwalimu wa timu ya wavulana, siku akisafiri na timu mtabadilisha nguo nyuma ya mti.

Kuhusu bukta, shule ikinunua tena, inunue za rangi ya giza. Wimbledon, mashindano ya tenisi yanayojulikana kwa kushikilia nguo nyeupe, yaliruhusu kuanzia 2023 wachezaji wa kike kuvaa bukta ya ndani ya rangi ya giza kwa sababu hiyohiyo yenu, hofu ya damu ya hedhi kuonekana. Kama hao wamelegeza, kamati ya michezo ya shule haina pa kujificha.

Kwa walimu wanaosoma hapa: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa shule ni choo kimoja kwa kila wasichana 25, na kwa wavulana kimoja kwa kila 50 pamoja na sehemu ya haja ndogo. Vyoo sawa kwa idadi si vyoo sawa kwa matumizi.

Mwanafunzi wetu wa zamani anataka kutujengea jukwaa na vyumba vya wachezaji, lakini amesema ni kwa ajili ya timu ya wavulana aliyoichezea. Tukatae? (Mjumbe wa bodi ya shule)

Msikatae, ndugu, ila msipokee kabla ya kuandikiana. Fedha zikishaingia shuleni ni za shule, na mwenye wajibu kwa watoto wote ni shule. Marekani, ambako sheria iitwayo Title IX ya 1972 inakataza ubaguzi wa kijinsia katika shule zinazopokea fedha za serikali kuu, utetezi wa kwamba "hili lilitoka kwa mfadhili" haupokelewi: mchango ukiwaacha wasichana nyuma, shule inatakiwa ijaze pengo hilo kutoka mahali pengine. Hata pasipo na sheria ya namna hiyo, hoja yenyewe inasimama.

Barua ya makubaliano iseme mambo matatu: jengo litatumiwa na timu zote kwa ratiba ya shule, vyumba vitakuwa viwili vyenye milango tofauti, na nani atalipia maji, umeme na rangi baada ya mwaka wa kwanza. Hilo la tatu husahaulika sana. Jengo la timu moja likianza kula bajeti ya matengenezo, kinachokatwa ni ukarabati wa kiwanja cha netiboli. Mwambieni mfadhili mapema, tena kwa heshima. Wengi hawana nia mbaya, walikumbuka timu yao tu. Akikataa katakata vyumba viwili, hapo bodi ijiulize kama inataka jengo au inataka shule.

Wasichana wanaojitokeza ni 12, wavulana 50. Kwa nini tuwape muda sawa? (Mwalimu)

Kwa sababu hiyo 12 imepimwa kwenye kiwanja kibovu, saa mbaya na mlango usiofungwa. Huwezi kuufunga mlango kisha ukahesabu walioingia. Wapeni saa ya kwanza mara mbili kwa wiki, kiwanja kilichofagiwa na msimamizi asiyebadilika, kwa muhula mzima, ndipo mhesabu. Wakati huohuo waulizeni wasichana wote, si wanaocheza tu, kwa karatasi isiyo na jina: mchezo gani, siku gani, kinachowazuia ni nini. Muulizaji asiwe mwalimu wa michezo, maana mbele yake watasema "hakuna".

Je, usawa ni kununua vifaa vilevile kwa wote? (Mhasibu wa shule)

Hapana, na hapa wanunuzi hukosea kwa nia njema. Mpira wa kikapu wa wavulana wakubwa ni namba 7, wa wasichana namba 6. Katika mpira wa mikono ni namba 3 na namba 2. Ukinunua katoni moja ya saizi moja, ni ya wavulana, kila mara. Pete ya kikapu nayo si pete ya netiboli, ingawa zote ziko mita 3.05 kutoka chini: ya kikapu ina upana wa sentimita 45, ya netiboli 38, na netiboli haina ubao wa nyuma. Msichana anayefanyia mazoezi kwenye kikapu anajifunza kugongesha ubao, siku ya mechi mpira unapita hewani.

Voliboli inahitaji nguzo zenye ndoano mbili: wavu mita 2.43 kwa wavulana, 2.24 kwa wasichana, kwa vipimo vya wakubwa. Kasoro ya kila siku ni wavu kubaki juu baada ya wavulana kuondoka. Pakeni rangi mbili kwenye nguzo, na mpime katikati ya wavu, si nguzoni, kwa sababu wavu hulegea. Ncha mbili ziwe na kimo kimoja, na zisizidi kimo rasmi kwa zaidi ya sentimita 2. Zikizidi hapo, kazeni waya wa juu kwanza kabla ya kugusa ndoano.