Anakula sasa, lakini haachi kukimbia

Dada, umesema mdogo wako anatibiwa anoreksia, ule ugonjwa wa kujinyima chakula kwa hofu ya kunenepa, hapo Kampala, ameanza kumaliza sahani, ila kila alfajiri yuko barabarani anakimbia, na mama anasema mwacheni, mazoezi ni afya. Na mimi niliugua huo huo, nikaambiwa hivyo hivyo. Nilipoteza karibu mwaka mzima.

Nilikuwa nakaa Ntinda, huko huko Kampala. Saa kumi na moja alfajiri nishatoka, napanda kilima cha Naguru, nashuka, napanda tena. Vijana wa boda pale steji waliniita Chemutai, kwa ajili ya yule binti yetu aliyeleta dhahabu ya Olimpiki mwaka 2021. Nilifurahi kweli. Shangazi zangu wa Bombo wao walinong'ona mengine. Wazee wa Uganda wakiona mtu anakonda hukumbuka miaka ya 1980, UKIMWI ulipoitwa "slim", na hadi leo kwa Kiganda ni siliimu. Nikapimwa VVU mara tatu kabla mtu hajaniuliza ninakula nini. Majibu safi, basi, nikahesabiwa mzima.

Nilipoanza matibabu nilikula kama mtu anayekopa, nalipa kwa miguu. Rolex moja (ni chapati ya mayai, si saa ya mkononi) ilikuwa deni la Naguru nzima. Kliniki walinipima uzito, wakauliza chakula. Mazoezi hakuna aliyeuliza, nami sikusema.

Mwalimu wa jimu alihesabu mapigo yangu, 42 kwa dakika, akasifu: moyo wa mwanariadha! Daktari mwingine alinipima nikiwa nimelala, 42, akanisimamisha, yakaruka hadi 90. Akanieleza kwamba mwanariadha aliyeshiba moyo wake hupiga polepole kwa kuwa una nguvu, na akisimama hauruki namna hiyo. Wangu ulikuwa unabana matumizi kwa njaa. Hedhi nilikuwa sijaiona miezi minane, na mfupa wa muundi ulikuwa na ufa mwembamba: mifupa isiyolishwa, inayogongwa lami kila siku.

Huyo huyo alinisimulia habari za panya. Mwaka 1967 watafiti waliwapa panya chakula kwa muda wa saa moja tu kwa siku, wakawawekea gurudumu la kukimbilia. Badala ya kutulia walizidi kukimbia, wakakonda hadi kufa. Wasio na gurudumu waliizoea ratiba ile. Nililia pale pale kitini. Miaka yote nilidhani nina nidhamu.

Akanisimamisha mbio zote. Raba zikaenda kwa jirani. Basi nikaanza ujanja: nashuka taksi mbali na nyumbani, nafua nguo safi, napiga deki sakafu iliyokwisha kupigwa deki. Mama akanisifu mbele ya wageni kwamba nimekuwa mchapakazi! Aliyenigundua ni dada yangu. Hakugombana nami. Kila baada ya kula aliketi nami saa nzima tukicheza matatu, karata zile, mpaka ile hamu ya kuinuka ipungue. Siku nyingine haikupungua, nikatetemeka mguu tu chini ya meza.

Baada ya miezi, mapigo yalipotulia na uzito kupanda, daktari aliruhusu kutembea. Si peke yangu, bila saa ya kuhesabu hatua, na nikiruka mlo, matembezi yamefutwa.

Kwa hiyo usihesabu kilomita za mdogo wako. Mwangalie mvua ya Aprili inapomzuia kutoka. Akinuna kidogo, ni mkimbiaji. Akizunguka sebuleni, akikataa chakula cha mchana kwa kuwa "hajakistahili", au akitoka na homa yake, huo ni ugonjwa wenyewe umevaa raba. Waambie wanaomtibu, hata akikukasirikia, yeye hatasema. Na mama mweleze habari ya mapigo ya moyo, huenda akaelewa haraka kuliko maneno mengine.

Akizimia, moyo ukienda mbio au ukirukaruka, au ukigundua anatapika au anatumia dawa za kuharisha juu ya hizo mbio, msingoje siku ya kliniki. Kutapika na kuharisha hushusha potasiamu, madini ya damuni yanayosaidia moyo kupiga, nayo ikishuka moyo unaweza kusimama. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, hata usiku.